Naomba ushauri: jirani anajenga ukuta kwenye njia ya mtaa

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Huku kwetu Kinyerezi, Dar, tulichanga hela za urasimishaji (kupima na kupanga makazi yaliyojengwa bila mpango), mpimaji akaja akachora ramani na njia ya mita 6 ikapatikana, kuna wazee walikubali kukatwa viwanja vyao kabisa, sasa jirani mmoja kachimba msingi wa ukuta hadi katikati ya njia, imebaki upana wa bajaji tu, gari la zimamoto halipiti na masika ikija maji yote yataingia ndani kwa watu. Inaniuma sana. Tumeongea nae kistaarabu, mwenyekiti wa mtaa kamwita mara mbili hajatokea.

Ramani ikiwa bado haijaidhinishwa, halmashauri ya jiji wanaweza kutoa zuio la ujenzi au nianzie baraza la kata? Na barua niandike mwenyewe au tusaini wakazi wote?