Mafundi wa kutoboa miili hapa Mtwara, acheni kuwasingizia watu "damu mbaya"!

Salaam wana Kuchele. Mods, nawaomba uzi huu msiupeleke jukwaa la urembo. Siulizi rangi ya kucha hapa.

Kila mwaka ni hivi hivi. Minada ya korosho ikianza na hela zikaingia mikononi, mji mzima unajaa mafundi. Jana alikuwa anauza kava za simu, leo ana kiti cha plastiki, kioo, na picha za Instagram za wadada waliotobolewa kila mahali. Kuna mmoja, jina lake na kibanda chake navihifadhi maana sitaki kesi, amemtoboa mdogo wangu nyonga zote mbili. Elfu ishirini na tano. Sina ugomvi na binti kujipamba, ni mtu mzima na hela ni yake. Ugomvi wangu ni na aliyepokea hiyo hela.

Kwa wasiojua: sikio au pua unatoboa upande huu, chuma kinatokea upande wa pili. Hii ya juu ya ngozi ni habari nyingine. Nyonga, mtulinga, kifuani, shingoni kwa nyuma, zote ni sehemu tambarare. Chuma kinapita chini ya ngozi na ncha zote mbili zinachungulia upande uleule. Mwili hauna pa kukishikia, unakihesabu kitu kigeni na kuanza kukisukuma nje kidogo kidogo. Hata fundi bora duniani, mwenye vifaa vyote, inamtokea. Wenye ujuzi wao wanamwambia mteja kabla hajakaa kwenye kiti: hili huenda lisidumu, na likikataa litakuachia kovu.

Wa kwetu alisema "ni kama sikio tu, wiki mbili umepona." Wiki mbili! Toboo la namna hii kupona ni miezi, na wengine mwaka unakatika bado linatoa majimaji.

Halafu kile chuma chenyewe. Kinachotakiwa kina umbo la pini ya stapla: sehemu bapa inalala chini ya ngozi, miguu miwili inasimama wima na vichwa vinafungwa juu. Kiwe titani ile wanayotumia hospitali kuwekea watu mifupani. Mdogo wangu kawekewa kijiti kilichopinda cha kitovu, cha kung'aa, cha kununua kwa dazeni. Kikipinda hivyo kinavuta ngozi muda wote kama kinataka kutoka, na hivi vya bei chee vingi vina nikeli, ambayo ngozi za watu wengi hazipatani nayo. Matokeo yake ngozi ya katikati ikaanza kuwa nyembamba, nyekundu, inang'aa, inabanduka magamba. Matundu yakapanuka. Ukimwinamia karibu ulikuwa unakiona kile kijiti kupitia kwenye ngozi, rangi yake kabisa.

Hapo ndipo kinatakiwa kutolewa, kabla hakijachana ngozi chenyewe. Tulivyomrudia fundi akasemaje? "Zungusha asubuhi na jioni, paka spiriti." Yaani kidonda kibichi ukizungushe chuma ndani! Spiriti inaunguza nyama mpya inayojaribu kuziba. Kuzungusha kunaingiza ule ukoko na uchafu ndani. Jirani naye akaja na ya kwake, akafungua kapsuli za rangi mbili akamwagia unga juu, ukaganda na usaha ukawa kama lami. (Hii tabia ya kufungua kapsuli na kunyunyizia kidonda sijui tutaiacha lini.)

Na hakuna aliyemuuliza mtoto wa kike wa Kusini kama anavaa shanga! Nyonga ni mahali pa shanga, mkanda wa jinzi na pindo la kanga. Kila akiinama, kila akilala ubavu, shanga zinapita juu ya vile vichwa. Jioni moja uzi wa shanga ulinasa kwenye kichwa cha kushoto akiwa anajifunga kanga, akapiga ukelele nikadhani nyoka. Fundi anayejua kazi yake, swali la kwanza lingekuwa hilo.

Mwisho tukaenda kituo cha afya, nesi akavitoa vyote viwili, akampa dawa na kumsema kidogo. Mistari miwili ya kovu imebaki. Mimi nikaenda kwa fundi kudai maelezo, siyo hela. Jibu: "Mdogo wako ana damu mbaya, au alikula pweza." Kisha, akiwa mkavu wa macho, akanipa ofa: nimlete amtoboe tena pembeni ya pale pale kwa nusu bei. Nusu bei! Juu ya kovu bichi!

Tuje kwenye sindano. Nilisimama pale kama dakika kumi nikamwangalia. Masikio anatoboa kwa ile bastola ya plastiki, akimaliza mteja mmoja anaifuta na pamba yenye spiriti, anaita mwingine. Vifaa vya kuingia kwenye damu vinasafishwa kwa mashine ya mvuke wa shinikizo, otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na bastola ya plastiki ukiiweka humo inayeyuka. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa kwenye kifaa kikavu siku saba na bado vikaambukiza. Chanjo yake imeingia kwenye chanjo za watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo ninyi mliozaliwa kabla ya hapo msijidai mna kinga kama hamjachanjwa ukubwani. Sijataja homa ya ini C, Ukimwi wala pepopunda.

Mama lishe asipokuwa na cheti cha kupimwa afya anafungiwa sufuria zake. Buchani bwana afya anaingia na koti jeupe. Huyu anayechoma watu sindano nyonga hadi nyonga, nani anamkagua?

Na msije na hoja ya mambo ya kizungu. Bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu na kuchanjwa nembo usoni, na kipini cha pua siyo kitu kigeni pwani hii. Ila aliyekuchanja alikuwa anajulikana kijiji kizima. Akikuharibu, utamkuta pale pale na ukoo wake. Wa sasa msimu ukiisha anahamia Masasi, laini ya simu anabadilisha.

NYONGEZA: Naona PM zimekuwa nyingi, nawajibu wote hapa.

Anayeuliza la mtulinga: kwanza uliza nyumbani kama kuna mtu kovu lake lilikua likapita hata kidonda chenyewe. Hizo ni keloidi, sisi weusi zinatupata zaidi, na kifuani na mabegani ndiko zinakopenda. Kama ipo kwenye ukoo, achana nalo.

Mwenye majimaji meupe yanayoganda: hayo ni ya kawaida. Nawa mikono, safisha kwa maji ya dripu ya chumvi ya 0.9% kutoka duka la dawa, kausha, usikiguse tena. Bahari ya Shangani isubiri.

Uliyesema kuna usaha wa kijani, joto na homa: usikichomoe mwenyewe, matundu yanaweza kuziba usaha ukabaki ndani. Nenda hospitali leo, usingoje Jumatatu.

Na kama wewe ndiye yule fundi na umesoma mpaka hapa, jibu hapa hapa mbele za watu: ile sindano uliyomtobolea mdogo wangu uliitoa kwenye pakiti gani? Maana yeye anasema hakuona pakiti ikifunguliwa, na Jumatano anaenda kupima.