Supernatural: tuishie msimu wa 5 au twende mpaka wa 15?

MwanaTudor:
Salaam jamani, hamjambo? Mimi na dada yangu mdogo tumemaliza msimu wa 4 wa Supernatural, ile tamthilia ya Marekani ya ndugu wawili wanaowinda mazimwi na pepo, na sasa hatuelewani. Yeye ataka twende mpaka msimu wa 15 bila kuruka hata episodi moja. Mimi nimesikia kwa wengi kwamba kisa chenyewe chaisha msimu wa 5, mengine ni kurefusha tu. Binamu yetu naye ana lake: malizeni wa 5, halafu okoteni zile nzuri nzuri. Njia ni tatu na sisi bando hatuna la kuchezea. Mliofika mwisho, tushaurini. Ila atakayemwaga mtama nani anakufa na wapi, mimi na yeye basi.

FundiRimoti:
Wacha nianze na hesabu ndipo mgombane vizuri. Misimu mitano ya kwanza ina episodi 104. Wa 3 una 16 tu kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kati ya 2007 na 2008, mingine ina 22 kila mmoja. Baada ya hapo zabaki 223. Jumla 327, kila moja dakika 42 hivi. Ukikoma wa 5 umetazama kama saa 73, ukienda mzima mzima ni kama saa 229. Kwa hivyo dada yako akisema "tumalizie", ajue hicho kimalizio ni zaidi ya maradufu ya mlo wenyewe.

Kura yangu: komeni wa 5. Eric Kripke aliyeibuni tamthilia hii mpango wake ulikuwa wa misimu mitano, na ilipotimia akaachia usukani. Sera Gamble akashika wa 6 na wa 7, Jeremy Carver wa 8 mpaka wa 11, kisha Andrew Dabb na Robert Singer mpaka mwisho. Kila aliyekuja alikuja na adui wake, mkubwa kumshinda wa jana, mpaka ukawa wajiuliza: baada ya Shetani mwenyewe, atatokea nani tena? Misimu mitano ya kwanza kila kitu chawarudia wale ndugu wawili na baba yao. Episodi ya mwisho ya wa 5 inaanza na historia ya gari lao, ile Impala nyeusi ya 1967, tangu yatoka kiwandani. Mkifika hapo mtazame yule askari mdogo wa plastiki ambaye Sam, yule ndugu mdogo, alimkwamiza kwenye tundu la majivu ya sigara alipokuwa mtoto. Sisemi zaidi. Mimi kipande kile kila nikikitazama koo lanikaba, na si mtu wa kulia ovyo.

Likoni_Mpaka_Mwisho:
Fundi, hesabu zako ni za karani wa bandari.

Mimi nimezitazama zote, nyingi kwa simu nikingoja feri, na nasema mkikoma wa 5 mtawaacha wale vijana njiani. Hebu fikirieni. Misimu saba hawana kwao. Nyumba iliungua wakiwa wadogo, walala vyumba vya kukodi pembeni mwa barabara, kila wiki mji mwingine, chakula chao ndani ya gari. Ni katikati ya msimu wa 8 ndipo wapata makao, ile nyumba ya chini ya ardhi yenye maktaba. Kuna pahala Dean, yule ndugu mkubwa, anapanga chumba chake: silaha ukutani, picha ya mama mezani. Kisha anamsifia ndugu yake godoro, ati lamkumbuka umbo lake. Halafu aingia jikoni ampikie baga. Jitu zima la kukata vichwa vya mazimwi, laona raha ya godoro! Dakika ile kwangu yashinda vita vyote vya malaika, na ukikoma wa 5 huioni.

Na Crowley, yule pepo mjanja, je? Hapo msimu wa 5 mtamwonja tu. Mark Sheppard anayemwigiza na yale makoti yake meusi, utamu wote waja baadaye.

Bi_Ubani:
Hamjambo wanangu. Mimi vita vya malaika havinihusu, mimi niliketi pale kwa ajili ya majini, tena kwa kuwacheka. Episodi ya 20 ya msimu wa 2 mmeshaiona: jini mwenye michoro mwili mzima, akikugusa walala, waota maisha uyatamaniyo, naye akunyonya damu polepole. Dean aamka akuta mama yake yu hai, nyumba ipo, hata nyasi za uwanjani azikata kwa raha zake. Kisha agundua kwamba watu wote aliowahi kuwaokoa, kule walikufa, kwa kuwa kule hakukuwa na mwindaji. Kisa kizuri, sikatai, katika vizuri vyao vyote hicho nakiweka mbele.

Lakini ni jini gani huyo wanangu? Haombi kitu! Huku kwetu Mji wa Kale jini akimpanda mtu ataulizwa jina lake atalitaja, atasema kabila lake na alikotoka, atadai ubani, marashi, halua, pengine pete au kitambaa cha rangi aipendayo, na mganga ataketi naye mpaka wapatane. Kuna maneno, kuna kubembelezana. Yule wao dawa yake ni kisu cha fedha kilichochovywa damu ya kondoo, basi, kwisha habari. Hata salamu hapana.

Chumvi ndiyo waliyopatia. Wale vijana humwaga chumvi mlangoni na madirishani pepo asipite, na bibi yangu alikuwa na chumvi yake ya mawe akiitia motoni mtoto akilia usiku bila sababu. Ila yeye hakuwahi kuitia kwenye bunduki kama hawa.

Mimi basi ni wa njia ya tatu. Chagueni. Mkimaliza wa 5, nendeni msimu wa 6 episodi ya 15, wanapotupwa kwenye dunia ambamo wao ni waigizaji tu na kila mtu awaita Jared Padalecki na Jensen Ackles. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Msimu wa 11 episodi ya 4 yote mwaiona kutoka ndani ya gari, hamshuki. Msimu wa 13 episodi ya 16 ni katuni, wako na Scooby-Doo, hata watoto wadogo wa nyumbani wataketi.

FundiRimoti:
Bi Ubani shikamoo. Hizo tatu nakubali, lakini njia ya kuokota ina kasoro yake. Ile ya ndani ya gari na ile ya katuni zimekaa katikati ya visa virefu, mtakuta nyuso hamzijui na ugomvi hamjui ulianzia wapi. Mtapoteza wakati mkiulizana huyu nani.

Bi_Ubani:
Marahaba. Kuulizana ndiyo raha ya kutazama wawili.

Kongowea_Usiku:
Msimu wa 7 rukeni wote. Wale mazimwi waitwao Leviathan na damu yao nyeusi na vinywa vyao, walipoingia biashara ya vyakula nikachoka kabisa.

Bi_Ubani:
Wote hapana mwanangu. Episodi ya 10 ya msimu huo usiiruke, na uitazame peke yako.

Kongowea_Usiku:
Hiyo naipa haki yake. Siku ile sikuongea na mtu.

MzeeWaKibokoni:
Mwasema ladha nyote, hakuna aliyegusa jambo lililonifanya mimi kuzima. Kijana atazama na dada yake, na pengine mzazi yuapita sebuleni. Malaika wa koti na tai mmeshawaona tangu msimu wa 4, wagombana, wadanganya, wengine waua. Hilo nililimeza, nikasema ni ngano za watu. Lakini msimu wa 11 wamleta Mwenyezi Mungu kwa sura ya mtu, mwandishi wa vitabu mwenye ndevu, apiga gitaa, na misimu miwili ya mwisho mambo yazidi kuharibika. Sisi hilo hatulibebi. Na msidhani ni Waislamu peke yetu: nilikuwa nikitazama na jirani yangu Mkristo, na yeye ndiye aliyeinuka kwanza.

Na hata mkiliweka kando la dini, kama kazi ya sanaa waliiharibu wenyewe. Msimu wa 5 Castiel, yule malaika rafiki yao, amtafuta Mungu kila pembe, auliza yuko wapi, na haonyeshwi waziwazi. Swali lile likining'inia hewani lilikuwa na uzito na lilikuwa na adabu. Walipolijibu, wakalifanya dogo. Kwa hivyo mimi na Fundi tuko jahazi moja, ingawa tulipanda bandari mbalimbali.

Likoni_Mpaka_Mwisho:
Mzee, heshima yako. Mimi nilimwona yule kama mtunzi anayechezea maisha ya wahusika wake, nao wachoka kuchezewa. Waandishi wa tamthilia wajisema wenyewe pale, wajiuliza kwa nini wawatesa hawa vijana mwaka hadi mwaka. Nikiitazama hivyo yanipa raha. Lakini kumwambia mtu atazame kitu kinachomchoma imani yake, hapana, siwezi. MwanaTudor, kabla ya kuanza wa 11, kaa na dada yako mlizungumze, na kama mama hutazama nanyi, mwambieni mapema.

MzeeWaKibokoni:
Umesema vyema kijana. Wewe tazama, mimi rimoti ninayo.

MwanaTudor:
Shukran mzee, hilo si kumwaga mtama, ni kuonya. Mama hutazama nasi kweli, tena ndiye anayempenda Castiel kuliko sote, ati ana adabu ya macho. Swali jingine: kuna watu wasema hata ukienda mpaka msimu wa 15, ukome episodi ya 19, ya 20 usiiguse. Kwani ina nini?

Likoni_Mpaka_Mwisho:
Huo ni ugomvi mwingine, na ulivunja urafiki wa watu. Kazi ya kupiga picha kule Vancouver ilisimama Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikiwa zimebaki episodi mbili. Wakarudi baadaye mwaka uo huo, saba za mwisho zikaanza kuonyeshwa tarehe 8 Oktoba, na ya kufungia ikatoka tarehe 19 Novemba. Ya 19 yafunga vita vikubwa na waondoka wakiwa wepesi, barabara mbele yao. Ya 20 yarudi udogoni: ndugu wawili, watu wachache, uwindaji wa kawaida kama ule wa msimu wa 1. Wapenda shangwe hukoma 19. Mimi naitetea 20 mpaka kesho, kwa sababu tamthilia hii ilianza na ndugu wawili ndani ya gari, si na miungu. Ingawa lile ghala la mbao, na ule msumari...

Kongowea_Usiku:
Nyamaza wewe!

Likoni_Mpaka_Mwisho:
Nimenyamaza.

FundiRimoti:
Na mkimaliza msije mkadanganywa na ile ya wazazi wao, The Winchesters, ya 2022. Ina episodi 13 na ikakatwa baada ya msimu mmoja. Si mbaya, ila usianze nayo, na usiianze ukitegemea ikupe mwisho mwingine wa hii.

DadaMdogo_Tudor:
Hamjambo. Mimi ndiye dada mdogo anayesemwa humu. Nimesoma yote. Kaka yangu hakuwaambia kwamba msimu wa 4 alilala kwenye episodi tatu, na mimi ndiye niliyemsimulia. Pili, Bi Ubani shikamoo, ile ya waigizaji ya msimu wa 6 nimeshaitazama usiku, kwa spika za masikioni. Sikuelewa kila kitu lakini walipoingia kwenye ile nyumba kubwa na kuona ile alpaka uani nilijiziba mdomo kwa mto.

MwanaTudor:
Umetazama msimu wa 6 na wa 5 hatujaanza?

DadaMdogo_Tudor:
Wewe si ulisema chaisha wa 5? Basi ya huko si yako, ni yangu.

Bi_Ubani:
Marahaba mwanangu, na akili unayo. Sasa fanyeni hivi: wa 5 muutazame pamoja na mama yenu, episodi zote 22. Mzee wa Kibokoni hatawagombeza kwa hizo, au vipi mzee? Baada ya hapo mmoja aende mpaka mwisho na mmoja akome, nyumba ni moja lakini simu ni mbili.

MzeeWaKibokoni:
Kwa hizo 22 sina neno. Wasiruke ya 8 tu, pale wanapotupwa ndani ya televisheni, mara hospitalini kwa madaktari wa kupendana, mara kwenye mchezo wa Kijapani wa kupigwa usipojibu swali.

Bi_Ubani:
Mzee! Kumbe nawe hucheka!

DadaMdogo_Tudor:
Ya 8 tunaiwekea Ijumaa. Mama ameshaambiwa.