Yaya wa familia mbili ameumia: ni bima ya nani inayohusika?

Mama Nuru, Reading

Assalaam alaykum na hamjambo ndugu zangu wote. Yaya wetu, ambaye tunashirikiana na familia ya jirani, aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya wale wenzetu akiwa amembeba mtoto wetu. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi, lakini dada wa watu amevunjika kifundo cha mkono na daktari amemwandikia mapumziko. Analipwa kwa PAYE yetu, yaani sisi ndio tunaomkata kodi ya mshahara kama mwajiri, na wenzetu huturudishia nusu kila mwezi. Sasa kampuni yetu ya bima ya vitu vya ndani imeandika kwamba haihusiki kwa sababu ajali haikutokea kwenye anwani iliyo katika hati, na kampuni ya wenzetu nayo imejibu kwamba, kwa kuwa yaya hayumo kwenye PAYE yao, si mwajiriwa wao. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni kampuni ipi inayowajibika, na nimwandikie nani kwanza.

Baba Imani, Leicester

Pole sana dada, na umpelekee yaya salamu zetu. Sheria ya Uingereza ya bima ya dhima ya mwajiri, yaani bima ya kumfidia mfanyakazi anayeumia kazini, ni ya mwaka 1969, kiwango chake cha chini ni pauni milioni 5, na anayeajiri bila kuwa nayo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500 kwa kila siku. Ikiwa yaya wako amesajiliwa Ofsted, mamlaka ya ukaguzi wa malezi na elimu, basi lazima awe na bima yake mwenyewe, kwa hiyo ningeanzia huko. Sisi tulipomsajili wa kwetu ili tupate Tax-Free Childcare, msaada wa serikali wa gharama za malezi, hakuna aliyetushughulikia mpaka cheti cha bima kilipoonekana pamoja na DBS (cheti cha ukaguzi wa rekodi ya uhalifu) na cheti cha huduma ya kwanza.

Mama Salha, Milton Keynes

Baba Imani, kwa heshima zote, hapo unampeleka dada njia isiyo yake. Bima anayoidai Ofsted ni ya madhara ambayo yaya huenda akamsababishia mtoto au mtu mwingine. Haimlipi yaya mwenyewe anapovunjika mkono kazini. Hizo ni bima mbili tofauti, na kila mwaka naona familia zikijiona zimekingwa kwa sababu tu yaya ana cheti chake. Isitoshe, sheria ya 1969 inamtaja mwajiri anayeendesha biashara, na nyumba ya mtu si biashara, kwa hiyo tusimtishe mwenzetu kwa faini ambayo huenda haimgusi kabisa. Kinachomgusa ni kwamba yaya anaweza kumdai fidia iwapo ajali ilitokana na uzembe, na bila bima fidia hiyo hutoka mfukoni mwake.

Baba Imani, Leicester

Mama Salha, soma na mwongozo wa serikali kwa wanaoajiri mtu nyumbani, ambao unaitaja bima ya dhima ya mwajiri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri anatakiwa kuwa nayo. Siwezi kumwambia Mama Nuru mwenye mtoto mchanga kwamba neno moja la sheria litamwokoa. Mimi nilimpigia wakala kabla yaya hajaanza kazi, nikaomba nithibitishiwe kwa maandishi kwamba bima yetu ya vitu vya ndani inahusu mfanyakazi wa nyumbani wa kudumu. Bima nyingi za aina hiyo zina kifungu hicho, ila masharti hutofautiana.

Mzee wa Coventry

Wanangu, msigombane. Nawakumbusha jambo linalowapata wengi wetu tunaoishi na jamaa. Sheria hiyo mnayoibishania inawasamehe waajiri wa ndugu wa karibu, lakini ndugu wa karibu wa Kiingereza ni mume, mke, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka na dada, pamoja na wa kambo. Mpwa hayumo, binamu hayumo, na binti wa mjomba uliyemlea tangu utotoni, ambaye kwenu ni mwanao kabisa, naye hayumo. Ukimlipa mshahara akulelee watoto, mhesabu kuwa ni mfanyakazi kama wengine.

Na tusisahau nyumbani. Kenya ina sheria ya fidia ya kuumia kazini ya mwaka 2007, na Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini ni wangapi kati yetu tunaotuma fedha za kumlipa msichana anayewatunza wazazi wetu tumewahi kuuliza nani atamtibu akiungua jikoni? Jambo hilo linanikera sana, kwa maana huku tunaogopa barua na kule hatuogopi chochote.

Mama Salha, Milton Keynes

Shikamoo Mzee, umesema kweli. Mama Nuru, usikiri kosa lolote kwa maandishi kabla kampuni haijajibu, kwa sababu mikataba mingi ya bima inakataza. Peleka malalamiko rasmi kwa kampuni zote mbili siku moja, ukiambatanisha mkataba wa yaya unaoonyesha kwamba anafanya kazi katika nyumba zote mbili. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, na baada ya hapo unaweza kwenda kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, bila malipo.

Mama Nuru, Reading

Nawashukuru nyote. Tatizo ni kwamba mkataba tuliousaini una jina letu peke yetu, na wenzetu wameanza kusema kwamba wao walikuwa wanachangia tu gharama.

Mama Imran, Luton

Wakati mnasubiri, SSP yake, yaani malipo ya ugonjwa ya kisheria, ni juu yenu mliomweka kwenye PAYE, ikiwa ametimiza masharti, na inaweza kufika wiki 28, kwa hiyo msiichanganye na madai ya bima. Sisi tulikataa kabisa utaratibu wa kurudishiana nusu. Kila familia ina mkataba wake, PAYE yake na bima yake, na sehemu ya mshahara wa yaya isiyotozwa kodi, pauni 12,570 kwa mwaka, iligawanywa kati yetu. Niulize na langu: yaya wetu anampeleka mtoto nasari kwa gari lake, na bima yake ni ya matumizi binafsi bila ya shughuli za kazi. Kuna aliyefanikiwa kuongeza kifungu hicho katikati ya mwaka bila kuvunja mkataba wote?