Kapteni wangu kaniambia "kubali sare" nikiwa na Lucena ubaoni (kwenye sataranji, ni mwisho wa ngome ambao mwenye askari anashinda)!

Wakuu, nimelala, nimeamka, hasira iko palepale.

Mechi ya timu, meza nne. Ya kwanza tumeshinda, ya pili tumepigwa, ya tatu sare. Moja na nusu kwa moja na nusu, nimebaki mimi, meza ya nne, na kete nyeupe. Zaidi ya saa nne kitini, saa yangu ina dakika mbili na zile sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua.

Ubaoni: mfalme wangu g8, askari g7, ngome f1. Wake mfalme e7, ngome h2. Wanaojua miisho ya ngome hapo wameshacheka. Ngome e1, shaha (mfalme wake anashambuliwa). Akikimbilia d7, ngome yangu inapanda e4 na kutulia. Mfalme wangu anatoka mbele ya askari, anapigwa shaha mfululizo, anateremka taratibu mpaka g5, kisha ngome inaingia g4 kumkinga. Shaha zimekwisha, askari anakuwa malkia. Naicheza hii hata nikiwa na homa.

Jamaa naye anajua kafa. Kasogeza ngome, kasema "sare?", kabonyeza saa. Kabla sijacheka nasikia kapteni wangu, mbele ya mwamuzi: "Kubali sare."

Sasa, sheria inamruhusu kusema hivyo, ila kwa kuangalia hali ya mechi tu, si kilichopo ubaoni. Kwa hiyo nikajua mzee kashapiga hesabu, nusu yangu inatosha. Nikatoa mkono.

Mbili kwa mbili!

Kumbe alimwona mchezaji wetu wa meza ya tatu akipeana mkono huku anacheka, akaamini kashinda. Alikuwa anacheka kwa sababu kanusurika, jamani! Karatasi ya matokeo ipo pale mezani, nusu kwa nusu, sahihi mbili. Hatua tano kutoka aliposimama.

Najua mtaniambia ulikuwa ushauri, ungekataa. Ni kweli, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Lakini yeye hata samahani hajasema. Kaniambia eti "sare si mbaya, tumepata alama moja". Ushindi wa mechi ulikuwa alama mbili!

Raundi ijayo ni kesho. Aliyewahi kumvua mtu ukapteni katikati ya mashindano bila timu kusambaratika, naomba aniambie alifanyaje.