Naomba ushauri: kikao chetu tukifungue kwa dua au vipi?

Habari zenu jamani, mie niko Unguja, huku Michenzani. Tuna kikundi chetu tunakutana jumapili jioni barazani kwa mwenzetu, kahawa ipo na kashata, tunazungumza mambo ya utu, yaani mtu aheshimiwe kwa kuwa ni mtu, asiulizwe kwanza anaswali au haswali. Kuna mmoja katuletea Azimio la Amsterdam la wahumanisti (yaani watu wanaoshika utu na akili bila kutegemea dini), lile la 1952 ambalo 2022 lilipitiwa upya kule Glasgow, tumelisoma pole pole na mengi tumeona mbona ndo yale yale tuliyolelewa nayo, kusaidiana, kutumia akili, kutomdhulumu mtu.

Sasa shida ni kufungua kikao. Wengi wetu Waislamu tumezoea dua, ila wamo wawili watatu hawana dini (kwao hawajasema, munajua wenyewe khabari zinavyotembea hapa). Juzi dua inasomwa mmoja kaangalia kikombe chake tu, mikono hakuinua, bi mkubwa mmoja akamkata jicho hilo! Mie nkasema basi tukae kimya dakika moja kila mtu na lake moyoni, nkaambiwa huo uzungu.

Na tarehe 21 Juni, siku ya wahumanisti duniani, tunataka tualike majirani tusafishe ufukwe kisha tule pamoja, wageni watakuwa wa kila aina.

Waliowahi kuendesha vikundi vya mchanganyiko, nyie munafunguaje? Na yule bi mkubwa nimwendee mwenyewe au nitume mtu mzima mwenzake? Sitaki aondoke, ndo anaetupikia.