Mjadala: Kumpeleka mzazi mzee kwenye nyumba ya kulelea wazee, ni kumtunza au kumtupa?

MwanaBombo (mwenye mada)

Ndugu zangu, salaam. Naleta suala linalovunja vikao vya familia siku hizi, hapa kwetu Bombo na kule Kampala. Mzee amepata kiharusi, au mama ameanza kusahau na hawezi tena kuachwa peke yake na sigiri ya mkaa. Mtoto mmoja yuko Juba, mwingine Doha, aliyebaki anatoka nyumbani kabla ya alfajiri na foleni inamrudisha usiku. Anatafutwa msichana wa kazi alale na mgonjwa. Hakufundishwa chochote, na akichoka anaondoka bila kuaga. Hapo mmoja anasema, "Kuna mahali Wakiso wanapokea wazee kwa malipo ya mwezi." Kikao kinachafuka.

Msimamo wangu nauweka wazi. Aibu tumeipa nafasi kubwa mno. Mzee anaweza kutupwa akiwa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, kalazwa chumba cha uani, anageuzwa mtu akikumbuka. Anaweza pia kutunzwa vizuri na watu wasio wa damu yake. Mimi nauliza mambo mawili: mzee mwenyewe ameulizwa? Na sisi tumekwenda kuiona nyumba hiyo, au tumetumiwa picha za WhatsApp tu?

Nyumba za wazee si ngeni Uganda. Pale Nalukolongo, Kampala, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha nyumba ya Bakateyamba mwaka 1978, masista wanaiendesha hadi leo, na Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Lakini ile ni nyumba ya huruma, kwa wasio na mtu. Zinazofunguliwa sasa ni za kulipia, kwa wazee wenye watoto na wajukuu. Hapo ndipo nataka tujadili.

Hajati wa Arua

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na sikubaliani nawe. Sura ya Israi, aya ya 23, inatukataza hata kuwaambia wazazi "ah" wanapofikia uzee. Sasa tuwapeleke kwa watu baki, waambiwe hiyo "ah" sisi tusiisikie?

Tulipokimbia vita huku West Nile mwaka 1980 kwenda Sudan na Zaire, wazee wetu tuliwabeba. Hatukuwa na pesa wala gari. Mama mkwe wangu nilimuosha kwa mikono yangu hadi siku alipofariki, wake wenzangu wakinisaidia. Pesa mnayotaka kulipa kila mwezi huko Wakiso inatosha kuajiri watu wawili hapa kijijini wakamtunza mzee akiwa kwake, anasikia adhana ya msikiti wake, jirani anapita kumsalimia.

Na kuna jambo mnalipita haraka: ardhi. Mzee akihamishwa, kiwanja chake anabaki nacho nani? Tumeona mtu anapelekwa Kampala "kwa matibabu", akirudi anakuta mipaka imesogezwa na mti wake wa mpaka umekatwa.

Muuguzi, Jinja

Hajati, nakuheshimu kama mama yangu, na la ardhi nakuunga mkono kabisa. Lakini wewe ulikuwa na wake wenza wa kukusaidia. Ninaowaona mimi ni dada mmoja aliyeacha duka lake, mumewe amenuna, mgongo umekwisha kwa kumnyanyua baba mwenye kilo themanini. Kaka zake wanapiga simu Ijumaa kuuliza, "Mzee anaendeleaje?" Tukisema familia itamtunza, mara nyingi tunamaanisha mwanamke mmoja. Naomba kila anayechangia hapa amtaje mtu huyo kabla hajasema neno aibu.

Sasa nyumba zenyewe. Nimefanya kazi katika moja, siitaji jina, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Usiende kwa miadi. Kwa miadi utapewa chai, utaonyeshwa bustani na kitanda kilichotandikwa. Nenda Jumapili jioni wakati wa kula. Simama mlangoni kwanza uvute pumzi. Harufu ya dawa ya kusafishia ni kawaida. Harufu ya mkojo iliyolala siku nyingi kwenye magodoro si kawaida. Tazama kama sahani inawekwa mbele ya mzee ambaye mkono wake umepooza kisha inaondolewa imejaa, bila mtu kumlisha. Tazama midomo: mzee anayenyimwa maji ili asikojoe mara kwa mara, midomo yake inakauka na kupasuka.

Kisha omba, kwa adabu, kuona visigino na sehemu ya juu ya matako ya mzee asiyeweza kujigeuza, kama ni wa kwenu na amekubali. Vidonda vya kulalia vinaanzia hapo. Huanza kama wekundu tu, na kwa ngozi zetu nyeusi hata wekundu hauonekani vizuri, ni sehemu inakuwa na joto na ngumu kuliko pembeni yake. Mtu wa kulala muda wote anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia. Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote ni hili: usiku wahudumu wangapi wanakuwa macho, na kwa wazee wangapi? Nilikofanya kazi, usiku tulikuwa wawili kwa ghorofa nzima, na mmoja wetu ndiye aliyefungua geti. Wenye nyumba hawakuwa watu wabaya. Hesabu tu ilikataa.

Uliza dawa za presha na kisukari zinafungiwa wapi na nani anaandika kila anapozitoa. Anayejiita muuguzi muulize usajili wake wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda. Leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani haimfanyi mtu kuwa muuguzi. Uliza nani anamuogesha mama, mwanamke au kijana wa zamu.

Na lugha, jamani. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi unaanza kula lugha alizojifunza mtu ukubwani, unaacha ile ya utotoni. Tulikuwa na mzee Mnubi, dereva wa lori wa zamani, Kiganda alikuwa anakijua vizuri lakini kikapotea. Zamu nzima walikuwa Waganda, wakaandika kwenye daftari "mkaidi, anakataa kuoga". Mpishi mmoja aliyekulia Bombo, kwa Wanubi, ndiye aliyemsemesha Kinubi. Kumbe mzee alikuwa anaomba maji yapashwe moto kwanza. Basi. Alioga siku ile ile.

Hajati, kuna njia ya tatu ambayo tunaisahau, nayo iko karibu na unalotaka wewe. Hospice Africa Uganda tangu 1993 wanawafuata wagonjwa wa saratani majumbani na mofini ya kunywa, na shirika la ROTOM la Mukono wanawahudumia wazee hukohuko wanakoishi. Utunzaji wa kitaalamu unaweza kuja mlangoni kwako. Ningependa kuona kodi yetu ikienda huko kwanza.

Wa kyeyo, Doha

Mimi ndiye yule mtoto wa Doha, niliyekuja kyeyo, yaani kazi za ughaibuni. Nilikuwa natuma pesa ya pampasi na maziwa ya mama kwa ndugu wa karibu, kila mwezi bila kukosa. Jirani akanipigia simu kuniambia mama anafungwa vitambaa vya nguo kuukuu. Leo yuko kwenye nyumba ya kulipia njia ya Entebbe. Tunaonana kwa simu ya video, na ana wenzake wa kuzungumza nao. Nyumbani alikuwa anashinda na redio. Mnaosema tumewatupa wazazi, njooni mwandike mliwatembelea lini mara ya mwisho.

Kijana wa Kasese

Samahanini wakubwa zangu. Huku kwetu milimani mjadala huu unasikika kama wa watu wa Kampala. Mabibi zetu walizika watoto wao wakati wa ukimwi, wakabaki kulea wajukuu. Mimi ni mmoja wa wajukuu hao. Hatuna pesa ya nyumba wala ya muuguzi. Kule Kanungu, shirika la Nyaka lililoanza mwaka 2001 kwa ajili ya yatima walikuja kuunda vikundi vya mabibi wenyewe, wanasaidiana. Nyumba ya kulipia haitamfikia bibi yangu. Kikundi cha namna hiyo kinaweza.

Mwalimu mstaafu, Mbale

Nina miaka 74. Nimesoma yote na nimegundua kwamba mnatujadili kama watu tuliokwisha kuondoka chumbani. Kijana wa Kasese, wewe umenigusa. Wa Doha, pole sana, mwanangu.

Nianze na pesa, maana heshima bila pesa ni maneno. Ruzuku ya wazee, hii tunayoiita SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ilipopanuliwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21 umri uliwekwa miaka 80. Mimi bado sijafika. Wako wenzangu waliofika lakini kitambulisho cha taifa kimewapunguzia miaka, wanarudishwa. Mwenye akiba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, analipwa yote kwa mkupuo, na kabla hajafikia umri wa kuhitaji kugeuzwa kitandani, imekwisha kwenye ada za wajukuu na mabati. Kwa hiyo nyumba ya kulipia maana yake ni mtoto mmoja mwenye kazi nzuri, au kuuza kiwanja. Hajati ameona mbali.

Sheria zipo. Katiba ya 1995 inaitaka serikali ijali ustawi wa wazee. Mwaka 2013 ilipitishwa sheria ya Baraza la Taifa la Wazee, na tangu uchaguzi wa 2021 tuna wabunge watano wa wazee. Basi wafanye jambo moja ninaloliona la lazima: nyumba yoyote inayolaza wazee kwa malipo ikaguliwe bila taarifa, usiku, na ripoti ibandikwe getini ili kila mgeni aisome. Nyumba za watoto zina kanuni zake. Mzee aliyepooza hawezi kukimbia kama asivyoweza mtoto mchanga.

MwanaBombo, umesema mzee aulizwe. Vyema, lakini mnauliza mkiwa mmechelewa. Mnasubiri kiharusi, ulimi umekwisha kuwa mzito, ndipo mnasema "mzee amekubali" kwa sababu ametikisa kichwa. Mimi nimewaita watoto wangu nikiwa na akili zangu timamu, nikaandika mbele ya mwanasheria na mwenyekiti wa LC, serikali yetu ya mtaa: nikishindwa kujihudumia, nijaribu nyumba kwa mwezi mmoja kwanza, chumba changu hapa kisipangishwe, kiwanja kisiuzwe nikiwa hai. Nisipopapenda nirudi. Kama siwezi kusema, mwangalieni binti yangu wa pili, ndiye anayenijua uso. Alilia. Kaka yake akasema namuita kifo. Nikamwambia akae, tumalizie ukurasa wa pili.

Hajati wa Arua

Mwalimu, Mungu akupe umri. Hayo ya kuandika nayakubali, na nitawaita wangu. Mwanangu muuguzi, nimekuelewa kuhusu dada anayebaki peke yake, hilo ni kweli hata hapa Arua. Lakini swali langu hamjalijibu. Mzee wetu Mwislamu akifia huko usiku, nani atamuosha? Watamchoma dawa za mochwari tukiwa bado njiani?

Muuguzi, Jinja

Hajati, wasipoambiwa mapema, watafanya walivyozoea: gari, mochwari, dawa, ndipo simu asubuhi. Iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, na ukurasa huo unakiliwe kwenye faili lake la zamu, kwa sababu mkataba unakaa ofisini na ofisi usiku imefungwa.

MwanaBombo

Nashukuru, hasa mwalimu. Nabadilisha mpangilio wangu: mazungumzo na mzee yanatangulia, nyumba baadaye. Na Hajati, hili lako nimeliandika hivi, mnirekebishe: akizidiwa, apigiwe mtu wa kwanza kwenye orodha saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Akifariki, asichomwe dawa, alazwe upande wa kibla, afunikwe, na mlango wake ulindwe mpaka wafike watu wa msikiti wa karibu, ambao namba zao mbili zinaandikwa hapo chini. Gari la kumrudisha Bombo na gharama zake ni juu ya familia, isije nyumba ikasingizia pesa. Kama wataikataa aya hiyo, hatuna haja ya kuuliza bei.