Wakalimani wa Kinisei Burma, 1944: kazi yao hasa ilikuwa nini?

Mdadisi: Wajuzi wa historia, kikosi cha Merrill, cha Wamarekani waliopigana na Wajapani Burma (Myanmar ya leo) katika Vita Kuu ya Pili, kilikuwa na Wanisei 14, yaani Wamarekani waliozaliwa na wazazi wa Kijapani. Lugha si waliikuta nyumbani? Miezi 6 darasani kusomea Kijapani ya nini? Na kule msituni walimkalimania nani?

Kalamu: Ya nyumbani haikutosha, ndugu. Jeshi lilipowapima Wanisei 3,700 wa mwanzo, waliokimudu Kijapani barabara walikuwa kama 3 katika kila 100. Shule ikafunguliwa Novemba 1941 San Francisco, ndani ya banda la zamani la ndege, wanafunzi 60. Kisiki kilikuwa sosho, mwandiko wa mkono unaovurugika kama nyasi: msomaji hodari wa gazeti anaweza kukwama kwenye barua ya koplo. Halafu heigo, msamiati wa kijeshi, ambao mama hautumii jikoni.

Vitani kazi kubwa ilikuwa karatasi. Askari wa Japani waliandika shajara, humo mna kikosi, mahali, hata njaa. Amri na ramani zilisomwa kwanza kwa kuwa huchacha upesi.

Ukizisoma leo, angalia tarehe. 19.4.6 si mwaka 1919. Ni mwaka wa 19 wa Showa, yaani enzi ya Mfalme Hirohito. Jumlisha 1925, unapata Aprili 6, 1944. Wengi huteleza hapo.

Mtafiti: Nyongeza kuhusu mateka wa Kijapani: maji, sigara, kidonda kifungwe, ndipo maswali. Jeshi lao lilikataza kutekwa, hivyo halikuwafundisha la kujibu wakitekwa. Wengi walisema.

Mdadisi: Na kusikiliza?

Kalamu: Hapo ndipo anapoingia Roy Matsumoto, mmoja wa wale 14. Kule Walawbum, kijiji cha Burma, Machi 1944, aliunganisha simu kwenye waya wa adui. Wajapani hao waliongea lahaja ya Kyushu, kisiwa cha kusini mwa Japani, ambayo shule haikufundisha, lakini yeye aliwahi kuwauzia vyakula wahamiaji wa huko. Akajua ghala la risasi liko wapi. Kule Nhpum Ga, kijiji kingine, alitambaa usiku hadi karibu nao, akasikia watashambulia alfajiri. Wenzake wakahama mahandaki ya mbele na kuyatega mabomu. Wimbi la pili la Wajapani liliposita, akapaza sauti kwa Kijapani: "Totsugeki!" Shambulieni! Wakaja mbele ya bunduki.

Mtafiti: Usisahau walinzi. Kwa sura zile za Kijapani, mkalimani aliweza kupigwa risasi na wenzake, ndiyo maana wengi walipewa askari wa kutembea nao.